Kago Bila Ridhaa

Katika Kiswahili tunalo neno kukaga, maana yake kukinga kitu kwa uganga kisidhurike. Aghalabu hukagwa shamba au nyumba, navyo haviulizwi kwa kuwa havina hiari. Shaka huanza anapokagwa mtu mwenye akili timamu, na mwenye kumkaga ni mtu ampendaye. Hadithi za kichawi za Kiingereza zimelileta swali hili mbele ya wasomaji wengi, na mfano ulio wazi sana umo katika Harry Potter and the Deathly Hallows cha J. K. Rowling, kilichotoka mwaka 2007.

Msomaji atakumbuka kisa. Vita vimepamba moto. Hermione, binti wa miaka 17, amezigeuza kumbukumbu za wazazi wake, madaktari wa meno wasiokuwa na uchawi. Sasa waamini kuwa wao ni Wendell na Monica Wilkins, na kuwa shauku yao kubwa ni kuhamia Australia. Hawajui kuwa wana mtoto. Hoja ya binti ina nguvu: wazazi wamekwisha kusikia mengi juu ya Harry, na adui angeweza kuwatafuta ili awahoji. Naye akifa, hawatakuwa na wa kumlilia.

Yasemwa kuwa upendo umelihalalisha tendo hili. Lakini naona mwandishi mwenyewe ametoa ushahidi wa kinyume katika kitabu hicho hicho. Akina Dursley, jamaa waliomlea Harry kwa chuki, wamo hatarini vilevile. Hao waelezwa na kuachwa wabishane. Vernon ageuza nia kwa majuma kadhaa, na mwishowe mwanawe Dudley ndiye asemaye kuwa ataondoka. Basi wasiopendwa walipewa nafasi ya kukataa, na waliopendwa wakanyimwa.

Wala uganga wenyewe si mgeni kwa msomaji. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1998, Lockhart huwafuta watu kumbukumbu zao ili ajitwalie sifa za matendo yao. Nia za wawili hawa ni mbali kama mbingu na ardhi, lakini sarufi ni moja. Mtu husahau mwenyewe. Akisahaulishwa, amegeuzwa mtendwa katika maisha yake. Nia njema humpunguzia mtenda lawama. Haimrudishii mtendwa haki ya kuulizwa.

Huenda ikajibiwa kuwa wazazi wangaliulizwa, wangalikataa kumwacha mtoto wao. Naam, na hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kumhofia mwana na kumlilia ni sehemu ya uzazi. Avuaye mzigo huo humvua mzazi uzazi wake pia. Katika kitabu cha tano, cha mwaka 2003, Dumbledore aungama kwa Harry kwamba alimficha utabiri kwa kumpenda, na Harry amjibu kwa hasira. Hapo aliyelindwa amepewa kinywa. Wazazi wa Hermione hawapati hata sentensi moja ya kujibu, na huo ndio upungufu wa kitabu, kupita kosa la binti.

Jambo hili haliko mbali nasi. Wangapi hufichwa ugonjwa wao na watoto wawapendao, ati wasivunjike moyo? Mzazi si shamba. Kabla ya kumkaga, na aulizwe.