Askari na Mpiganaji: Neno Moja na Vinyago vya Wamunyu

Wahakiki wa fasihi ya vita wamezoea kuyachukulia maneno askari na mpiganaji kuwa visawe. Mazoea hayo hayana msingi imara, na sanaa ya uchongaji ya Wamunyu, Machakos, husaidia kuonyesha kasoro yake.

Askari ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya mtu wa jeshi. Kiswahili kimelipa upatanisho wa viumbe hai, kikaliundia wingi wa maaskari na nomino dhahania uaskari. Hata hivyo, hakikuliundia kitenzi. Mpiganaji huitwa hivyo kwa kuwa anapigana. Askari huitwa hivyo kwa sare, mshahara na amri, hata kama hajawahi kupigana. Kwa hiyo askari huzua swali ambalo mpiganaji halizui: ni askari wa nani?

Historia inalithibitisha swali hilo. Wajerumani waliliita jeshi lao la Waafrika kwa neno hilo hilo walilolitumia Waingereza katika King's African Rifles, iliyoundwa 1902. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari walipigana na askari: jina moja, mabwana wawili. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, hawakupewa jina hilo. Kumbukumbu yao imesalia katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Ni vita hivyo vilivyomfikisha Mutisya Munge wa Wamunyu Tanganyika, alikojifunza uchongaji aliorudi nao nyumbani. Miongoni mwa vinyago vya Wakamba vilivyopata soko baadaye ni morani na askari. Morani hutambulishwa kwa mkuki na mapambo ya rika lake. Askari hutambulishwa kwa sare; ikiondolewa, hubaki mtu tu. Mchongaji ameliona lile ambalo mhakiki hulipuuza.

Huenda ikadaiwa kwamba maana ya neno imeshuka, kwani leo kuna askari jela, askari kanzu, askari wa kanjo na askari wa kulinda lango usiku. Dai hilo halitoshi. Kiini kimebaki kile kile: kutumikia amri ya mwingine. Ndiyo maana, katika kusimulia Kenya ya 1952 hadi 1960, walioingia msituni huitwa wapigania uhuru, na waliotumwa kuwasaka huitwa askari.

Tofauti hii ina uzito katika kuusoma Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, unaohusu vita vya 1939 hadi 1945. Waafrika wa Mashariki waliopigana vita hivyo walikuwa askari wa dola iliyowatawala. Mhakiki anayeyasawazisha maneno haya mawili huufuta mgongano uliomo katika anwani yenyewe: uhuru wa nani, uliopiganiwa na askari wa nani?