Gofu la Kalemie na Reli Yake

Picha za viwanda vilivyohamwa hupenda mashine zenye kutu na madirisha yaliyovunjika. Tukikitazama kwa jicho hilo kiwanda cha nguo cha Filtisaf, mjini Kalemie, mashariki mwa Kongo, tutaona jengo tu. Kinachokosekana ni njia. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, wakati huo Albertville, mwaka 1915. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, reli ya Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Kigoma mwaka 1914. Kiwanda kinategemea treni na meli: pamba iingie, nguo zitoke. Njia zikidhoofika, nacho hukonda.

Kiswahili kinalijua jambo hili. Gofu ni jengo bovu lililohamwa. Gofu la mtu ni mtu aliyekonda sana. Tukimwona mtu huyo, huuliza amenyimwa nini. Sisi wa Nengo, katika nchi isiyo na reli, ni rahisi kuisahau njia tunapoitazama picha. Kwa hiyo mhakiki asiishie kusifu kutu. Aulize pamba ilipita wapi, na nani alibaki bila kazi mashine ziliponyamaza.