Alumini ya Magamba na Utupu wa Atomu

Udongo mwekundu wa Magamba, jirani na mji wa Lushoto, una bauksiti, mawe yanayozaa alumini. Vitabu vyetu vya fizikia vikisimulia jinsi kiini cha atomu kilivyogunduliwa, alumini huachwa nje. Sifa zote hupewa dhahabu. Simulizi hiyo ni pungufu.

Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na mwanafunzi Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walizielekeza chembe za alfa kwenye mabamba ya metali mbalimbali. Kando waliweka kioo kilichopakwa zinki salfaidi, kikakingwa kwa bamba la risasi ili chembe zisikifikie moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Chembe iliyorudishwa na metali ikikigonga kioo, kilimetameta mara moja. Mtu alikaa gizani, jicho kwenye hadubini, akahesabu. Kwa dakika moja dhahabu ilitoa wastani wa mimeto 67, shaba 14.5, chuma 10.2, alumini 3.4. Kadiri atomu ilivyo nzito, ndivyo inavyorudisha chembe nyingi. Hata hivyo, kwa platinamu walikadiria kuwa ni chembe moja tu kati ya 8,000 iliyogeuzwa nyuma.

Hapa wengi huharakisha: nyingi zilipita, basi atomu ni tupu. Haitoshi. Hata atomu kama alivyoiwazia J.J. Thomson, yenye chaji chanya iliyotandazwa kote, ingeziachia zipite. Kilichoiangusha ni zile chache zilizorudi, kwani chembe yenye kasi ile hairudishwi na chaji iliyotawanyika. Mwaka 1911 Rutherford alionyesha kwa hesabu kwamba chembe inayoelekea katikati ya atomu ya dhahabu husimamishwa ikiwa imekikaribia kiini kwa umbali ulio mdogo mara elfu kadhaa kuliko nusu kipenyo cha atomu. Ajabu ni kwamba hakuhitaji kujua kama chaji ya kiini ni chanya au hasi; hesabu ya pembe za kugeuka kwa chembe ilikuwa ileile.

Leo tunajua kipenyo cha atomu ya alumini ni takriban mara 40,000 ya kiini chake. Weka njegere ya sentimita moja, iwe kiini, katikati ya soko la Lushoto, na ukingo wa atomu utakuwa mita 200 kila upande. Njegere hiyo ndiyo yenye zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wote.

Hata hivyo neno "utupu" lisituhadae. Eneo hilo limetawaliwa na elektroni 13, ambazo hutanda kama mawimbi. Ukisimama kwenye mwamba wa Irente, jirani na Lushoto, huzami ndani yake, kwa sababu elektroni za soli na za jiwe husukumana, na kanuni ya Pauli haiziruhusu kushiriki hali moja.

Walimu wa fizikia, msiishie kwenye dhahabu. Andikeni ubaoni 67 na 3.4, kisha waulizeni wanafunzi sababu ya tofauti hiyo.