Pongezi kwa Walimu wa Kwaya

Kila Pasaka, Haleluya ya Handel inapovuma kanisani, sifa huwaendea waimbaji na sare zao mpya. Mimi nampongeza yule aliyewapa mgongo waumini: mwalimu wa kwaya.

Mtunzi Handel aliandika Messiah, yenye Haleluya hiyo, mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na mapato yakasaidia hospitali na wafungwa wa madeni. Lakini kilichoufikisha muziki kama huo kwa wakulima na mafundi cherehani wetu ni tonik solfa, muziki unaoandikwa kwa herufi. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliianzisha. Mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza karne ya 19, wamisionari wakaibeba hadi kwetu.

Tazama karatasi yenyewe, mara nyingi fotokopi iliyofifia: juu kushoto imeandikwa Doh ni nini, chini safu nne za herufi, d, r, m, f, za soprano, alto, teno na besi. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huvuta sauti. Hakuna piano? Mwalimu hugonga uma wa sauti, anausikiliza, anampa kila mmoja noti yake ya kuanzia.

Kisha kazi hasa: anawatenga besi pembeni, maana wao (tuseme ukweli) hupenda kufuata soprano, anarudia mistari miwili mpaka giza linaingia. Wengi wa walimu hawa hawalipwi hata nauli. Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, watakuwepo tena.