Mpira Uliozuiwa Umeishia Wapi?

Orodha za mchezaji bora wa kikapu wa wakati wote zinazozunguka kwenye simu zinaudhi kwa jambo moja: zinapima ulinzi kwa kelele. Kipande cha sekunde kumi kinaonyesha jitu limeruka, limeupiga mpira kofi, mpira umetua katikati ya watazamaji, na papo hapo linatawazwa kuwa mlinzi wa karne. Huku Madimba, na Mtwara kwa jumla, wengi wameujua mpira wa kikapu kwenye skrini kabla ya kuujua uwanjani, kwa hiyo vipande hivyo ndivyo vimekuwa shule yao. Kijana anayeweza kukuchambulia beki wa Simba au Yanga hatua kwa hatua, akifika kwenye kikapu anashangilia kazi mbovu. Nasema mbovu kwa sababu sheria iko wazi: mlinzi akiwa wa mwisho kuugusa mpira kabla haujatoka, mpira ni wa washambuliaji. Wanaurusha ndani, wanajipanga, wanapiga tena. Kilichozuiwa ni mtupo mmoja tu. Shambulizi bado liko hai.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mlinzi yeyote wa chini ya kikapu si bloku ngapi, bali mpira uliozuiwa umeishia mikononi mwa nani. Aliyelielewa hili kuliko wote ni Bill Russell wa Boston Celtics. Russell alitumia mkono wa kushoto, na wapigaji wengi hutumia wa kulia, hivyo wakikutana uso kwa uso mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mpira bila kuvuka mwili wa mpigaji, na faulo zikapungua. Ukipata picha zake za zamani, zile nyeusi na nyeupe, acha kutazama anavyoruka, tazama kiganja. Hakipigi. Vidole vinafunguka, vinaugusa mpira kwa chini au ubavuni, nao unapanda juu au unaangukia mbele, aliko Bob Cousy au, miaka ya baadaye, K.C. Jones, ambaye tayari ameshageukia upande wa pili. Muda si muda Celtics wana pointi mbili. Mguso mmoja umefuta pointi za adui, umeleta mpira na umeanzisha shambulizi. Mvuvi wa Msimbati hasifiwi kwa samaki aliyemshtua akakimbilia maji makuu, husifiwa kwa aliyeingia kwenye jarife. Mpinzani wa Russell, Wilt Chamberlain, alimzidi kwa urefu na nguvu, lakini mara nyingi aliupiga mpira kwa hasira ukaenda kwa mashabiki. Wastani wake ulikuwa pointi 30.1 kwa mechi, wa Russell 15.1, ubingwa wake ni 2, wa Russell 11 katika misimu 13. Utaambiwa Russell alizungukwa na wenzake hodari. Ni kweli, ila Cousy na Bill Sharman walikuwa Boston miaka kadhaa kabla yake, na timu haikuwahi kufika hata fainali. Russell alijiunga Desemba 1956, na msimu huohuo wakawa mabingwa.

Wapenda takwimu watauliza namba za Russell ziko wapi. Hazipo. NBA ilianza kuhesabu bloku na mipira inayoporwa msimu wa 1973–74, yeye akiwa ameshastaafu tangu 1969. Kwa karatasi, mlinzi mkubwa kuliko wote hana hata bloku moja, na mtu anayepanga orodha kwa karatasi peke yake ajue ameanza na shimo. Tena karatasi yenyewe huandikwa na binadamu wenye timu zao. Msimu wa 1987–88 Michael Jordan alipata pointi 35 kwa mechi na akachaguliwa mlinzi bora wa mwaka, jambo la kuheshimiwa. Lakini kati ya mipira 259 aliyoandikiwa kuipora, 165 ilikuwa nyumbani Chicago na 94 tu ugenini, na waliopitia upya video za baadhi ya mechi za nyumbani hawakuiona yote iliyoandikwa. Ukuu wa Jordan haufi kwa hilo. Imani ya kijinga kwa meza ya waandika takwimu wa nyumbani ndiyo inayopaswa kufa. Mfano mwingine wa namba kudanganya ni Ricky Davis wa Cleveland. Machi 2003, timu yake ikiwa mbele sana dhidi ya Utah, alibakiza ribaundi moja kutimiza kumi, basi akaugeukia ubao wa kwao akatupa ili aokote mwenyewe. Haikuhesabiwa. Namba ikishakuwa shabaha, mchezo unasahaulika.

Urefu nao umedanganya wengi. Manute Bol kutoka Sudan, mwenye mita 2.31, alimaliza NBA akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599, na alistahili sifa zake, lakini huwezi kumweka juu kwa pande mbili, ulinzi na ushambuliaji. Karibu zaidi na nyumbani yuko Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza NBA, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chuoni Connecticut alikuwa ukuta kweli: zaidi ya bloku nne kwa mechi katika misimu yake miwili ya mwisho. NBA walimtoa chini ya kikapu, wakamvuta hadi juu akabane wachezaji wepesi, na hapo miguu ikaulizwa maswali ambayo mikono haiwezi kujibu. Tumpende kwa mlango alioufungua, lakini tusiugeuze upendo kuwa kipimo. Mrefu asiyeweza kushuka kiuno na kuteleza hatua tatu pembeni bila kupishanisha miguu hajakamilika, hata awe na bloku ngapi.

Aliyekamilika ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos aliyekuwa kipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kushika kikapu akiwa kijana. Kipa hujifunza mapema kuchagua mpira aupangulie wapi, na miguu ile ya golini ndiyo iliyowachezesha watu ngoma chini ya ubao. Ana bloku 3,830, nyingi kuliko za yeyote, na mipira 2,162 aliyoipora. Hakuna mwingine aliyevuka elfu mbili kwa zote mbili. Hesabu ya pili ndiyo inayonishawishi, kwa sababu mpira ulioporwa umeshabadilisha mwenyewe. Katika mechi ya sita ya fainali ya 1994, senta huyu alitoka hadi kwenye mstari wa pointi tatu akaugusa kwa ncha za vidole mtupo wa mwisho wa John Starks, timu yake ya Houston ikashinda 86–84. Mwaka uliofuata, kwenye fainali ya Magharibi, alimfunga David Robinson, mchezaji bora wa msimu, kwa wastani wa zaidi ya pointi 35. Februari ya mwaka huohuo alikuwa amefunga Ramadhani, hanywi hata maji, na bado akatajwa mchezaji bora wa mwezi.

Atakayesema nawapendelea wa zamani hajakosea sana. Zama zile mlinzi aliruhusiwa kuweka mkono kiunoni mwa mshambuliaji, na kukaba kulikuwa kazi ya heshima. Ila hata leo yupo wa kuigwa. Mechi ya saba ya fainali ya 2016, ubao ukisoma 89–89, LeBron James alimkimbilia Andre Iguodala kutoka nyuma, akaubana mpira kwenye ubao, nao ukabaki uwanjani, mikononi mwa timu yake ya Cleveland. Kwa ulinzi pekee nampa Russell nafasi ya kwanza. Kwa pande mbili, Hakeem, kisha Jordan, kisha LeBron. Na nyinyi walimu wa michezo mnaoandaa timu za UMISSETA hapa Mtwara, kwenye karatasi ya meza, pembeni ya safu ya bloku, choreni safu mbili zaidi: "tumeupata" na "umetoka". Zawadi ya mlinzi bora itolewe kwa safu ya "tumeupata".