Packet Tracer: nzuri kuanzia, haitoshi kumalizia

Ukiwa Bububu na laptopu yako ya kawaida, Packet Tracer inakufaa: ni bure, nyepesi, na unaziona pakiti zikitoka ruta hadi swichi. Lakini mtihani wa vitendo wa CCIE ni saa 8, na hii inaigiza ruta tu. Amri nyingi hazimo. GNS3 inaendesha programu halisi ya ruta, ila inataka RAM ya kutosha.

Kasoro kubwa tunayo wenyewe: tunajenga tu, hatutafuti ubovu. Unguja tunajua, njia ya umeme kutoka bara ilipokatika Desemba 2009, giza lilifika Machi 2010. Basi mwambie mwenzio akuharibie mtandao wako, asikwambie alipogusa. Kisha anza kuhesabu saa.