Pongezi kwa Wachoma Michopo wa Kamalondo

TP Mazembe ikicheza nyumbani, moshi wa michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, hutangulia filimbi ya mwamuzi. Uwanja wao uko humu humu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi ambao wakoloni waliuita Albert, na wachoma michopo wanajua kuwa watu watatoka na njaa, timu ishinde au ishindwe.

Moto wenyewe si shida. Shida iko kwenye karatasi ya kuwekea nyama. Nyama ikishakatwa vipande, pembeni huwekwa chumvi, kitunguu kibichi na pilipili, na hapo ugomvi huanza. Mmoja anataka pilipili mbichi iliyotwangwa, mwingine ya unga. Kijana akiomba mayonezi, mzee humwangalia kama aliyetia sukari kwenye bukari.

“Papa, ongeza pilipili kidogo!”

“Kidogo gani tena, mama? Chombo kinaisha!”

(Pilipili nayo ni mgeni, asili yake Amerika, lakini mzee yule usimwambie.)

Ninachowapongezea wachomaji hawa ni akili ya kuamua. Anayeijua kazi hukumbuka nani tumbo lake halitaki ukali, na nani hujifanya shujaa kisha akaagiza maji. Marafiki wakila pamoja, mchomaji hutenga pilipili kwenye kona ya karatasi, kila mtu achovye kwa kadiri yake. Kitunguu hubaki katikati, maana hicho hakina adui.

Mimi nasema mayonezi yabaki na viazi. Mchomaji haniungi mkono: kwake, aliyelipa ana ruhusa ya kuharibu nyama yake.